Je, Wajua? Bunduki Iliyofyatuliwa na Maji, Beleshi Lenye Tundu na Mizinga Miwili ya Tanga

Je, wajua kwamba katika Vita Kuu ya Kwanza kuna bunduki zilizobaki vitani peke yake, bila askari nyuma yake, zikipiga risasi kwa kufyatuliwa na maji?

Ilikuwa Gallipoli, Uturuki, Desemba 1915. Waaustralia na watu wa New Zealand walikuwa wameteremka ufukweni pale Aprili 25, wakiambiwa kazi itakwisha upesi. Miezi minane baadaye walikuwa bado wameng'ang'ania miteremko ileile, juu ya mahandaki yaleyale, na nzi wakawa wengi kuliko risasi. Amri ikatoka: ondokeni. Lakini kuondoka ndiko kulikokuwa na kazi. Mahali pengine handaki la adui lilikuwa hatua chache tu, unamsikia mtu akikohoa. Waturuki wangegundua kwamba upande wa pili pametulia kupita kiasi, wangeshuka na kuwakuta watu wamesongamana ufukweni wakipanda mashua.

Hapo akajitokeza koplo usu mmoja kijana, William Scurry wa Melbourne. Alichukua makopo mawili. La juu akalijaza maji na kulitoboa tundu dogo kitakoni. La chini, tupu, akalifunga uzi uliokwenda hadi kwenye triga ya bunduki iliyoegemezwa ukingoni mwa handaki. Tone, tone, tone. Kopo la chini likishiba maji linaporomoka, uzi unavutika, bunduki inalia. Dakika kama 20 zilimtosha mwenye bunduki kuwa ameshafika chini ya kilima. Waturuki waliendelea kusikia risasi moja hapa, nyingine kule, kama kila usiku.

Kopo halikufanya kazi hiyo peke yake. Mwishoni mwa Novemba askari walikuwa wamekaa siku kadhaa bila kupiga hata risasi moja, makusudi, ili adui azoee kimya chao. Usiku wa mwisho viatu vilizungushiwa magunia visitoe kishindo. Alfajiri ya Desemba 20 mashua za mwisho ziling'oa nanga, na waliojeruhiwa katika kuondoka huko walihesabika kwa vidole. Scurry akapewa nishani. Kati ya silaha zote nilizopata kuzisoma hii ndiyo niipendayo zaidi, kwani ni bunduki iliyotegwa ili watu wafike nyumbani.

Gallipoli hiyohiyo, Mei 1915, koplo usu mwingine, William Beech, alichoshwa na kuona wenzake wakipigwa risasi za kichwa kila walipochungulia nje ya handaki. Akaunda fremu ya mbao, akaifunga kwenye bunduki, akaweka vioo viwili. Kioo cha juu kilitazama kilengeo cha bunduki, cha chini kilimpa picha askari aliyekaa salama chini ya ukingo, naye akavuta triga kwa uzi. Ofisa mmoja aliyepita pale, Thomas Blamey, ambaye baadaye alikuja kuwa mkuu wa majeshi ya Australia, aliona kifaa hicho na papo hapo akakitilia maanani. Karakana ikafunguliwa ufukweni. Vioo viliombwa kwenye meli zilizotia nanga ghubani, kwa hiyo kuna mabaharia waliobaki kunyoa ndevu kwa kubahatisha.

Nimekuwa nikikusanya visa vya namna hii kwa muda, na kuna jambo linajirudia. Kifaa kikibuniwa na yule ambaye kichwa chake ndicho kilicho hatarini, kwa kawaida kinafanya kazi, hata kama ni cha makopo. Kikibuniwa na mheshimiwa aliyeketi mezani, shika mfuko wako.

Mfano ni beleshi la Kanada. Mwaka 1913 waziri wa majeshi wa nchi hiyo, Sam Hughes, alitembelea mazoezi ya kijeshi Uswisi akapendezwa na jinsi askari walivyotumia mabeleshi kujikinga. Aliporudi ikatolewa hataza kwa jina la katibu wake, Ena MacAdam: beleshi la chuma lenye tundu katikati ya bapa. Askari alichomeke ardhini, alale nyuma yake kama nyuma ya ngao, apitishe mtutu tunduni na kulenga. Yakaagizwa 25,000, kwa dola 1.35 kila moja.

Kwanza, lilikuwa na uzito wa zaidi ya kilo mbili, na askari alikuwa tayari anabeba mzigo wa punda. Pili, chuma chake hakikuweza kuzuia risasi ya Mjerumani, kwa hiyo ngao haikuwa ngao. Tatu, lile tundu. Chukua chujio la chai uende nalo shambani ukachimbe mtaro, ndipo utawaelewa vijana wa Kanada. Mabeleshi yote yaliishia kuuzwa kama chuma chakavu.

Turudi nyuma kidogo. Watu wa pwani yetu waliziita bunduki kwa namna zinavyoshika moto. Kuna ya fatila, yenye utambi unaofuka. Kuna ya gumegume, yenye jiwe linalogonga chuma na kutoa cheche. Ikaja ya fataki. Zote hizo, zikijazwa kwa mdomoni, ni gobore. (Siku hizi mitaani gumegume ni mwanamume asiye na msaada nyumbani, na ukijua adha za bunduki hiyo utaona jina limekaa mahali pake.) Kuijaza kulikuwa shughuli: mimina baruti, tia risasi, shindilia kwa mdeki, weka baruti kidogo kwenye kisahani, vuta jogoo, lenga. Askari hodari alipiga mara mbili au tatu kwa dakika. Mvua ikinyesha, baruti inalowa na vita vinaahirishwa.

Ndiyo maana watu walishangaa mwaka 1722 pale London, bunduki moja ilipopiga risasi 63 kwa dakika 7 huku mvua ikinyesha. Mwenye nayo hakuwa mhunzi wala askari, alikuwa mwanasheria, James Puckle, aliyepata hataza yake Mei 15, 1718. Ilisimama juu ya miguu mitatu, na nyuma ya mtutu ilikuwa na gurudumu lenye matundu yaliyokwisha kujazwa, unalizungusha kwa mkono tundu moja baada ya jingine. Hadi hapo ni akili tupu. Kasoro ni kwamba hataza ilieleza magurudumu ya aina mbili: la risasi za mviringo, kwa ajili ya kupigana na Wakristo, na la risasi za mraba, kwa ajili ya Waturuki. Puckle aliamini za mraba zinaumiza zaidi. Hakueleza askari atafanyaje akikutana na jeshi lililochanganyika.

Jeshi la Uingereza halikuinunua. Kampuni ikaundwa, hisa zikauzwa, na watani wa London wakasema bunduki hiyo haijeruhi mtu isipokuwa wale walionunua hisa zake.

Wanamaji wa Uingereza nao, miaka ya 1780, walipewa bunduki yenye mitutu saba iliyounganishwa pamoja, kazi ya fundi Henry Nock. Triga moja, risasi saba kwa mkupuo. Ilikusudiwa kupigwa kutoka juu ya milingoti kwenye sitaha ya meli ya adui. Mateke yake yalivunja mabega ya wapigaji, na cheche zake zilitishia kuchoma matanga ya meli yao wenyewe. Basi.

Lakini je, wajua kwamba wakati huohuo jeshi la Austria lilikuwa na bunduki isiyotumia baruti kabisa?

Hii inastahili kuelezwa polepole. Aliibuni fundi wa Tirol aitwaye Girandoni, na jeshi likaanza kuitumia karibu mwaka 1780. Kitako chake hakikuwa mbao, kilikuwa chupa ya chuma iliyoshindiliwa hewa. Kando ya mtutu palikuwa na bomba lenye risasi kama 20. Askari anainua bunduki kidogo, anasukuma kipande cha chuma kwa kidole, risasi inaingia mahali pake, anavuta triga, valvu inafunguka kufumba na kufumbua, hewa inaisukuma risasi nje. Hakuna moshi. Hakuna mwako. Mvua haiisumbui. Na zaidi ya yote, aliweza kufanya hayo akiwa amelala chini, wakati mwenye gobore lazima asimame apige mdeki huku kila mtu akimwona. Ilimuua mtu sawasawa na bunduki yoyote.

Sasa uliza kwa nini leo sote hatuna bunduki za hewa. Jibu ni pampu. Kuijaza chupa moja kulihitaji mipigo kama 1,500. Wewe uliyewahi kujaza tairi la baiskeli kwa pampu ya mkono unajua kwamba mpigo wa hamsini tu mikono inaanza kulalamika. Kila askari alibeba chupa za akiba, lakini zikiisha katikati ya vita, ndiyo imetoka hiyo. Vizibo vyake vya ngozi vikikauka hewa inavuja kimyakimya, na mafundi wa kuzirekebisha walikuwa wachache. Kufikia 1815 zilikuwa zimerudishwa ghalani.

Moja ilivuka bahari. Mwaka 1803 Meriwether Lewis alianza ile safari yake na William Clark ya kuvuka bara la Marekani hadi Bahari ya Pasifiki, akiwa na bunduki ya hewa ambayo wachunguzi wengi leo wanaamini ilikuwa ya aina ya Girandoni. Siku ya kwanza kabisa ya safari, karibu na Pittsburgh, alisimamisha mashua akaonyesha watu maajabu yake. Mmoja akaomba kuishika, hakujua inavyofanya kazi, ikafyatuka. Risasi ikatoboa kofia ya mwanamke aliyekuwa hatua kama arobaini na kumchana kwenye panja. Akaanguka, damu zikamtoka, wote wakadhani amekufa. Jeraha likaonekana ni dogo, akapona. Lewis hakukoma kuionyesha. Njia nzima aliwakusanya wenyeji wa makabila mengi aliyokutana nayo akaipiga mbele yao, mara nyingi mfululizo, bila moshi. Wenyeji hawakuwa na njia ya kujua kama mizigoni kulikuwa na moja au hamsini.

Vifaa vya kuongezea kwenye bunduki navyo vina vituko vyake. Wajerumani, mwishoni mwa Vita Kuu ya Pili, walitengeneza mtutu uliopinda, wa kuchomekwa mbele ya bunduki zao za StG 44, ili askari aliye ndani ya kifaru aweze kumpiga mtu aliyejibana ubavuni mwa kifaru hicho. Uliopinda nyuzi 30 ndio uliotoka kiwandani, una kioo cha kuchungulia. Risasi ilipita kwenye kona kweli, ila mara nyingine ilitoka vipandevipande, na mtutu ulichakaa baada ya risasi kama 300.

Huko Marekani kuna bunduki fupi za askari wa farasi, kabini za Sharps, zenye kinu kidogo kwenye kitako, na karibu kila mtu atakwambia ni cha kusagia kahawa ya askari. Hadithi tamu. Waliojaribu wamekuta kinasaga kahawa vibaya sana na nafaka vizuri zaidi. Mimi nasimama na nafaka, ingawa najua kahawa ndiyo itakayoendelea kusimuliwa.

Kifaa chenye akili kuliko vyote katika kundi hili ni cha kufungulia chupa. Askari wa Israeli walikuwa na tabia ya kufungua soda kwa midomo ya magazini ya bunduki. Midomo ikipinda risasi zinakwama, na mtu anakuja kuligundua hilo wakati mbaya. Maofisa wangeweza kutoa waraka wa kukataza. Badala yake, bunduki ya Galil iliyoingia jeshini mwanzoni mwa miaka ya 1970 ikawekewa kifungulio cha chupa hapohapo mbele. Mwenye wazo hilo alikuwa anawajua vijana.

Na je, wajua kuna bastola iliyotengenezwa kwa haraka kuliko ilivyoweza kujazwa? Mwaka 1942 Wamarekani walitaka silaha ya kuwadondoshea wapiganaji wa siri katika nchi zilizokaliwa na adui. Kazi wakapewa watu wa kiwanda cha taa za magari, kule Anderson, Indiana. Kwenye karatasi iliitwa kifaa cha kurusha mwanga wa ishara, ili majasusi wasishtuke. Ilikuwa na vipande 23 tu, vya bati lililokandamizwa na kuchomelewa, na gharama yake ilikuwa dola mbili na ushei. Kwa majira yale ya joto pekee zilitoka 1,000,000, wastani wa moja kila sekunde saba hivi. Ilipiga risasi moja. Ganda likibaki ndani ulilisukuma kwa kijiti cha mbao kilichokuja nayo kwenye boksi, pamoja na risasi kumi na karatasi ya maelekezo isiyo na neno hata moja, picha tupu, ili Mfaransa na Mchina waielewe sawasawa. Nia ilikuwa umsogelee askari wa adui, umpige moja, uchukue bunduki yake halisi. Nyingi hazikugawiwa kabisa, zikaharibiwa baada ya vita. Zilizosalia leo wakusanyaji wanazinunua kwa maelfu ya dola.

Kuchukua bunduki ya adui kunatuleta Tanga.

Novemba 2, 1914, Waingereza walileta kikosi cha watu kama 8,000 kutoka India, chini ya Jenerali Arthur Aitken. Upande wa pili kamanda wa Wajerumani, Paul von Lettow-Vorbeck, alikuwa na watu kama 1,000, wengi wao askari Waafrika. Kampuni nyingi za askari hao zilibeba Mauser ya mwaka 1871, bunduki ya risasi moja moja na ya baruti nyeusi. Ukipiga, wingu jeupe linapanda juu ya kichwa chako, na kila aliye ng'ambo anajua pa kulenga. Kwa vita vya 1914 ilikuwa sawa na kwenda kujificha huku umebeba kengele.

Basi wakati bombomu, yaani bunduki za rashasha, zinalia na watu wamelala kwenye mashamba, risasi zikapasua mizinga ya nyuki iliyotundikwa mitini. Mabumba yakashuka. Askari wa kikosi cha India walitimua mbio wakiwa wamevimba nyuso, na magazeti ya Uingereza baadaye yakawashutumu Wajerumani kwa kutega nyuki kwa kamba. Hapakuwa na mtego. Wapiga bombomu wa Kijerumani nao waliumwa wakaacha silaha zao. Ninachokipenda ni kwamba Kiswahili kilikuwa tayari: gogo lililochongwa tundu la kuwekea nyuki ni mzinga, na bomba la chuma la kurushia makombora ni mzinga. Lugha nyingine zilihitaji sentensi nzima kueleza kilichotokea Tanga siku ile.

Waingereza walipopanda meli na kuondoka, waliacha nyuma bunduki 455 za kisasa, bombomu 16 na risasi kama 600,000. Moshi ukapungua sana upande wa Lettow-Vorbeck tangu hapo. Miaka minne baadaye, alipokabidhi silaha Abercorn, ambayo leo ni Mbala, Zambia, bombomu zake zilikuwa 37, na za Kijerumani kati ya hizo zilikuwa 7 tu. Bunduki zake zilikuwa za Waingereza na Wareno.

Mizinga yake ya chuma nayo ilitoka majini. Meli ya kivita ya Wajerumani, Königsberg, iliizamisha meli ya Waingereza, Pegasus, bandarini Zanzibar Septemba 20, 1914, wakati Pegasus ikitengenezwa mitambo. Königsberg ilipiga kutoka mbali, na makombora ya Pegasus yalidondoka baharini kabla ya kuifikia. Kisha ikajificha kwenye delta ya Rufiji, nako ikamalizwa Julai 11, 1915. Mabaharia wake waliirudia, wakaopoa mizinga yote 10, ikapelekwa Dar es Salaam ikaundiwa magurudumu, na mamia ya watu wakaivuta kwa kamba kuvuka nchi nzima.

Mmoja wa mizinga hiyo uko Fort Jesus, Mombasa, na karibu nao umewekwa mzinga wa Pegasus. Ukipita huko nenda na rula. Mdomo wa Königsberg ni milimita 105, wa Pegasus ni inchi 4 kamili. Tofauti yake haifiki milimita 4.